Herufi Juu ya Vitenge

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, na nimeitundika sebuleni juu ya kabati la vyombo. Lakini namba zake ni za rangi ya dhahabu, zimechorwa juu ya maua ya manjano, na mpaka leo nikitaka kujua saa natazama simu. Watu ambao nimewafundisha kazi ya maandishi ya video miaka yote ile, mkaingia dukani, mkatazama saa zote, mkachagua hiyo! Ndipo nikaona kwamba sijamaliza kuwafundisha. Na kwa kuwa sasa hakuna mkubwa wa kuniharakisha, nitaandika kwa raha yangu.

Patrick, mpiga picha wetu, aliniomba niwaachie siri ya kazi. Hakuna siri. Mtu anaongea kwenye picha, sisi tunaandika maneno yake ili aliyekaa mbele ya televisheni aweze kuyasoma. Ugumu wote uko katika neno hilo la mwisho. Picha inatembea, ina jua, ina rangi, ina watu wanaopita nyuma na mbuzi wao. Herufi inasimama katikati ya vurugu hiyo kama mgeni anayeuliza njia katikati ya soko la Kadutu, na hakuna anayemsikiliza.

Nilifika studio nikiwa nimeacha ualimu wa shule ya msingi. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha orofani, na ukipanda ngazi harufu ya kwanza kukupokea ilikuwa ya mafuta ya jenereta. Aliyenipokea ni Papa Gaspard, mchoraji wa maandishi. Kabla ya hapo alikuwa akichora majina ya maduka, milango ya malori na ubavu wa boti za ziwani. Wakati ule herufi za video zilichorwa kwa rangi nyeupe kwenye karatasi ngumu nyeusi, kisha kamera ikazipiga picha. Mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka, na mwandiko wangu wa ubaoni ulikuwa mzuri, basi nikapata kazi.

Siku ya kwanza hakunipa hata brashi. Aliniweka mbele ya televisheni, akaniambia:

“Solange, fumba macho nusu, sawa mutu mwenye kusinzia. Unaona nini?”

“Naona watu wanacheza.”

“Na herufi?”

“Herufi siioni.”

“Njo vile. Tunaanza tena.”

Hilo ndilo somo la kwanza, na sijapata mashine iliyolipita. Macho yakifumbwa nusu, urembo wote unaondoka, kinabaki kile kilicho cheupe na kile kilicho cheusi. Neno likipotea hapo, litapotea pia kwa mama aliyekaa nyuma ya watoto sita, taa ya umeme ikiwa inafifia.

Somo la pili lilikuwa desturi yake. Maandishi yalikuwa hayatoki studio mpaka ayasome mtu ambaye hakuyaandika. Alikuwa anashuka uani, anamwita sentineli wa mlangoni au mwanamke aliyeuza beignets, yale maandazi, pale chini, anamkalisha kwenye kiti kizuri kuliko vyote, anamwomba asome kwa sauti. Mimi nilijiona mwalimu, nikamwuliza kama hatuwezi kusoma wenyewe.

“Weye njo umeandika,” akasema. “Haunasoma. Unakumbuka.”

Nilidhani anapenda maneno. Kisha ikaja harusi ya Kavumu. Mnajua tunavyofanya: familia inachagua kitenge kimoja, na wanawake wote wanakishona, toka bibi mpaka vitoto vya kubeba maua. Walichagua kitenge chenye macho ya tausi, mekundu na meupe na ya kijani. Mimi nikaandika jina la bwana harusi kwa rangi nyekundu, rangi ya mapendo, mahali ambapo mashangazi walikuwa wanapita wakicheza. Sentineli alikuwa mgonjwa siku ile, nikasema nimeona mwenyewe, inasomeka. Kule Kavumu, kwenye televisheni ndogo iliyofungwa kwa betri ya gari, jina liliingia katika macho ya tausi likazama humo. Baba wa bibi harusi akauliza mbele ya watu wote:

“Ah! Mutoto yangu ameolewa na nani?”

Watu walicheka sana. Bwana harusi alicheka kidogo kuliko wengine.

Papa Gaspard hakunigombeza. Alisema herufi yangu haikuwa na kosa, kosa lilikuwa la majirani zake. Toka siku hiyo nilianza kutazama picha kabla ya kutazama maneno: nyuma kuna nini, kunatembea au kumetulia, ni kweupe au ni kweusi, na sekunde inayofuata kutakuwa nini. Nilijifunza kuipa herufi nyeupe ukingo mwembamba mweusi. Ikipita juu ya koti jeusi inajitegemea yenyewe, ikipita juu ya shati jeupe la komunyo ule ukingo unaibeba. Nilijifunza kukaa mbali na pembe za picha, kwa sababu televisheni za zamani zilikuwa zinakula pembe. Mheshimiwa mmoja alipoteza nusu ya cheo chake hivyo mbele ya mji mzima, na nakiri hatukuharakisha kumrudishia.

Kisha kompyuta ikafika, na herufi zikalewa. Zilizunguka, zilidunda, ziliwaka moto, zilianguka toka juu kama mvua ya mawe. Wateja walizipenda. Kila aliyeoa alitaka jina lake liwake moto. Papa Gaspard alisimama nyuma yangu na miwani yake iliyofungwa uzi, akatazama, akasema kama nyuma kunacheza, basi herufi isimame, maana wote wakicheza nani atakaa kutazama? Mimi nikawa mkali juu ya jambo hilo, na ninyi mnalijua.

Kazi ya Shabunda ndiyo iliyonikomaza. Chama kimoja kilileta filamu ya wachimba dhahabu, wanaongea Kilega porini, nasi tuandike Kiswahili. Jua lilikuwa linapita katikati ya majani, na kila upepo ukivuma, picha nzima inageuka madoa meupe yanayokimbia. Nyeupe ilikufa. Nikaweka manjano, manjano ikageuka jani. Mwishowe niliipunguzia picha mwanga sehemu ya chini tu, pole pole, kama kivuli cha wingu kinachopanda mlima, mpaka herufi zikapata mahali pa kukaa. Lakini bado sentineli alikuwa anasoma, mzee aliyekuwa akiongea kwenye picha amekwisha kuondoka na koleo lake. Mtu ana macho mawili tu, na uso wa anayeongea nao unayataka. Nikakata sentensi pale mzee alipovuta pumzi, nikazifanya fupi bila kutupa neno la maana. Kazi ile ilinipa maumivu ya shingo ambayo ninayo hadi leo.

Papa Gaspard alifariki nikiwa nimeshakuwa mkuu wa maandishi. Msalaba wake niliuandika mwenyewe, nyeupe juu ya nyeusi, herufi nene zisizo na mikia. Ukipita barabarani unausoma bila kusimama.

Sasa nifike kwenye kazi ambayo ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Aliyeileta ni mwanamke wa mtaa wa Nguba, fundi wa kushona, anaitwa Maman Nabintu. Alikuwa amevaa nguo nzuri ya kujishonea, na shingoni ana utepe wa kupimia. Alipoongea, studio nzima iligeuka, kwa sababu aliongea kwa nguvu kama mtu aliye ng'ambo ya bonde. Homa ilimwachia uziwi akiwa na mtoto wa kunyonya. Tangu hapo hajisikii mwenyewe, hajui sauti yake inafika wapi. Katika mkoba alitoa kipande cha kitambaa cheusi na chaki ya kushonea, akaniwekea mezani. Ndivyo watu wanavyomjibu: unaandika, anasoma, anapangusa kwa kiganja. Nilitazama chaki ile nyeupe juu ya kitambaa kile nikajisemea, huyu angeweza kufanya kazi hapa.

Mtoto wake yule wa kunyonya sasa ni padri, Abbé Bahati, alikuwa amepewa upadri majuma machache nyuma, na sisi ndio tuliopiga picha za sherehe.

“Mutoto yangu aliongea maneno ya kushukuru,” alisema Maman Nabintu. “Batu bote bakaanza kulia. Balikuwa banalia na bananiangalia miye. Na miye niko nacheka tu, sawa mujinga. Ku nyumba nikauliza, alisema nini? Baliniandikia hapa: ‘Alikushukuru.’ Maman, batu habawezi kulia vile juu ya asanti.”

Nikaandika kwa chaki: na Abbé mwenyewe umemuuliza?

“Balimutuma mbali, ku paroasi ya huko ndani, hata reseau ya simu haiko. Na tena sitaki aniambie ya pili. Nataka ile alisema siku ile, mbele ya batu. Uniandikie ku video. Na usinifupishie.”

Aliyasema hayo ya mwisho akinishika mkono. Nikaandika kwenye kitambaa: sitakufupishia. Alisoma, na hakupangusa. Alikunja kitambaa kile na maneno yangu ndani akakirudisha mkobani, na mimi nikajua nimekwisha kufungwa.

Nikatazama picha. Patrick, wewe uliipiga, na nilikutukana siku ile, sasa nakusamehe maana ulikuwa umesimama juu ya benchi na watu wanakusukuma. Abbé yuko mbele ya kanisa, na kanzu nyeupe, jua la mchana limemmwagikia. Juu ya kichwa chake kuna banderole kubwa ya familia, kitambaa cha bluu na nyekundu chenye pongezi na majina. Mwanzo wa hotuba si mbaya. Kisha anafika kwenye maneno yaliyowaliza watu, na hapo wanawake wa parokia wanainuka na vigelegele. Wanafungua vitenge vyao na kuvipepea mbele yake, wengine wanavitandika chini ili avikanyage, na vijana wanamwaga karatasi za rangi. Nusu ya chini ya picha inakuwa kitenge tupu kinachopepea, kile kile cha sare, chenye miduara ya manjano na meusi. Ndiyo sababu mama hakuona kitu. Alikuwa nyuma ya vitambaa hivyo.

Na haya ndiyo maneno. Niliyasikiliza kwa spika za masikioni, nikayaandika yote:

“Baba alipokufa, wakubwa wa familia walisema mama arudi kwao na mimi nibaki. Walisema, kiziwi atasikia namna gani mtoto akilia? Mama hakubishana nao. Alipasua ukingo wa kitenge chake, akafunga mkono wangu na mkono wake, tukawa tunalala hivyo. Nikitikisika, anaamka. Mama hajawahi kunisimulia haya. Aliyenisimulia ni mmoja wa wale waliosema vile, na yeye pia leo namshukuru. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mama yangu hasikii.”

Nilivua spika nikatoka kwenye ngazi nikalia. Nasema wazi, maana najua mnadhani mimi ni jiwe.

Siku mbili baadaye alikuja Papa Déo, mdogo wa marehemu mume wa Maman Nabintu. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kamati ya sherehe na ndiye aliyetupa kazi. Mtu mpole, koti limepigwa pasi. Alitaka majina ya kamati yapite kwa herufi za dhahabu, na waridi pembeni. Nikakubali waridi, nikiwa na shauri langu la kuyapitisha mwishoni kabisa. Kisha akavuta kiti karibu.

“Maman Solange, pale vitenge vinaanza kupepea, uache. Usiandike. Hata hivyo hapasomeke.”

“Patasomeka,” nikasema.

“Ni mambo ya familia. Mwenye alikuwa na masikio alishasikia, basi.”

“Papa Déo, bote balishasikia. Mwenye hajasikia ni ule mwenye aliambiwa.”

Alitoa leso akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

“Wale balisema vile, bote balishakufa,” akasema. “Nimebakia miye tu. Bahati hakunitaja, lakini ku familia banajua. Mama yake atasoma, ataniangalia. Unajua miye namuomba chumvi kila juma? Tunakaa parcelle moja, kiwanja kimoja.”

Nilimhurumia, kweli. Halikuwa jambo la mtu mbaya anayeficha ubaya wake. Lakini bila yale maneno ya wakubwa, kamba ya kitenge ingekuwa kamba tu, na mama angeendelea kujiuliza watu walilia nini. Nikamwambia mimi sitatoa hata neno moja. Kama anataka litolewe, Jumapili baada ya misa ninakwenda Nguba kumwonyesha mama, naye aje kumwambia mama, yeye mwenyewe, neno lipi litolewe.

Mkubwa wa studio alisikia, akaniita, akanikumbusha mteja ni nani. Nikamjibu kwamba mteja alisema hapasomeki, na mimi nimeajiriwa ili pasomeke. Akasema nina kichwa kigumu. Nikamwambia ndicho nilichokuja nacho toka siku ya kwanza.

Basi nikaanza. Nyeupe yenye ukingo mweusi ilikufa mara moja: ile miduara ya manjano na meusi ilikuwa inameza ukingo na herufi pamoja. Nikaongeza unene, ikawa kama magogo juu ya maua. Nikapunguza mwanga wa chini kama nilivyofanya Shabunda, lakini majani yanatikisika mahali pamoja, na kitenge kinapanda na kushuka picha nzima. Kila jaribio nilikuwa nafumba macho nusu, na kila mara naona kitenge. Nikakumbuka kitambaa cheusi na chaki. Nikaweka utepe mweusi chini, upana wa picha yote, na juu yake nyeupe. Nikafumba macho. Ilisomeka! Nilimwita sentineli, akasoma bila kukwama, nami nikajipigia makofi.

Lakini msomaji mwenyewe hakuwa sentineli. Kabla ya Jumapili nilichukua kipande cha mwanzo wa hotuba tu, pale anaposalimia maaskofu na wageni, nikaenda Nguba kumjaribisha Maman Nabintu kwenye televisheni yake. Ni ile ya mgongo mkubwa, iko chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Alisoma kwa sauti, midomo ikitangulia, kila neno. Nilikuwa nimeshaanza kufurahi, na yeye akaanza kupiga kioo kwa kidole.

“Towa hii kitu nyeusi.”

Nikaandika kwenye kitambaa: inakusaidia kusoma.

“Nasoma, ndiyo. Lakini mikono yake iko nyuma. Ule mutoto anaongeaka na mikono. Hata ku altare hawezi kuiacha.”

Nikarudisha picha nikatazama, mara hii bila kutazama herufi zangu. Kweli. Katika nyumba ya watu wawili, mmoja kiziwi, walikuwa wamejitengenezea lugha yao ya mikono tangu mtoto hajaanza shule, na Abbé kila akiongea mama yake akiwa mbele yake, mikono inakwenda yenyewe kifuani. Mimi nilikuwa nimeifunika na utepe upana wa picha. Tumezoea kwamba maandishi yanakaa chini, hatuulizi chini kuna nani.

Nilirudi studio kwa miguu nikipanga. Chini haiwezekani, kuna mikono, na chini ya mikono kuna vitenge. Pembeni kuna karatasi za rangi zinazoanguka. Kumebaki juu, na juu kuna banderole ya familia, maandishi makubwa, na hakuna jirani mbaya wa herufi kuliko herufi nyingine. Lakini banderole ilikuwa na tabia moja njema: ilikuwa imefungwa kamba vizuri na haikutembea. Kitu kisichotembea unaweza kukizima. Nikaipunguzia mwanga mpaka ikawa kama ukuta wakati wa jioni, nikaifanya ukungu ili majina yake yasishindane na yangu, na juu yake nikaweka nyeupe, mistari miwili tu, imesimama palepale toka mwanzo hadi mwisho, ili jicho la mama lisitafute. Kila mstari ulikatwa pale Abbé alipovuta pumzi. Na uso wake na mikono yake nikaviacha wazi kabisa.

Mkubwa alipita nyuma yangu. “Umefunika banderole ya mteja.”

“Nimeifunika.”

“Yenye jina lake.”

“Jina lake litapita mwishoni kwa dhahabu, na waridi.”

Alikwenda zake akitikisa kichwa.

Jumapili nilifika Nguba na DVD ndani ya mkoba. Papa Déo alikuwa ameshakaa, koti lile lile, miguu pamoja, kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Tulisalimiana. Nilimwandikia Maman Nabintu kwenye kitambaa kwamba shemeji yake alikuwa na neno juu ya video. Akasoma, akamtazama.

“Shemeji, unataka kuniambia nini?”

Papa Déo aliichukua chaki. Aliishika muda mrefu, kisha akairudisha mezani. “Tuangalie kwanza,” akasema, na kwa mkono akaonyesha televisheni.

Nikawasha. Mama alisoma salamu za maaskofu na wageni haraka haraka, mara hii kwa nguvu zaidi, mpaka jirani akachungulia mlangoni akaondoka. Kisha wanawake wakainuka na vitenge, na nikasema moyoni, sasa. Na hapo hapo jua likatoka nyuma ya wingu, likagonga ziwa, likaingia dirishani moja kwa moja juu ya kioo. Kioo kikawa cheupe chote. Siku nyingi za kazi, na nilikuwa sijafikiria dirisha!

“Sioni!” Mama alipiga kelele. “Rudisha! Sioni!”

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mashine, natafuta kurudisha nyuma, nami sioni namba. Mara giza likashuka chumbani. Papa Déo alikuwa ameinuka, amelivuta pazia, au rido kama tunavyosema, na kwa kuwa halikuwa na pete upande mmoja na lilikuwa linajifungua lenyewe, alikuwa amelishika kwa mkono juu, amelibana ukutani. Nikarudisha nyuma. Nikabonyeza.

Alisoma. “Baba alipokufa, wakubwa wa familia walisema mama arudi kwao na mimi nibaki.” Sauti haikubadilika. “Walisema, kiziwi atasikia namna gani mtoto akilia?” Sikuthubutu kugeuka dirishani. “Alipasua ukingo wa kitenge chake...” Na kwenye kioo, chini ya herufi zangu, juu ya vitenge vyote vile vinavyopepea, mkono wa kuume wa Abbé ulikuwa unazunguka kifundo cha mkono wa kushoto, unafunga, unakaza. Mama aliacha kusoma kwa sauti. Midomo ikaendelea peke yake mpaka mwisho.

Aliniomba nirudishe. Nikarudisha. Aliniomba tena. Mkono wake mwenyewe ulikuwa umeshika kifundo chake, nadhani bila kujua.

“Hii ya kiziwi, najua,” akasema. “Nilikuwa pale, niliona midomo yao. Na kamba, ni miye nilifunga. Lakini sikujuaka kama yeye anajua. Alikuwa mudogo, sikumuambiaka, nilisema ataanza kuchukia batu ya baba yake.” Akapangusa uso kwa utepe wa kupimia. “Nani alimuambia?”

Mimi sikuandika kitu. Hakikuwa changu kuandika. Mama aligeuka polepole kufuata mahali macho yangu yalipokuwa yamekwenda. Papa Déo alikuwa bado dirishani, mkono mmoja juu umeshika pazia. Mkono wa pili aliuweka kifuani, kama anayejitaja.

Mama aliipa televisheni mgongo, akamwelekea. Picha nyuma yake ilikuwa imefika kwenye majina ya dhahabu na waridi, na hakuna aliyeyasoma.

“Shemeji,” akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliongea kwa sauti ya chini, “achilia rido. Nimeshasoma.”